Mstari wa jaruba la juu: baiskeli ya matembezi nje ya lami Mwanza

Swali la msomaji: Naishi Buhongwa, nina miaka 46. Nimenunua baiskeli mbili za gia za mtumba, inchi 26, yangu na ya mke wangu, pamoja na ya inchi 24 ya binti yetu wa miaka 12. Tunataka matembezi ya Jumamosi, mashindano hatuyataki. Barabara ya Shinyanga inanitisha kwa malori, mabasi na bodaboda. Kwenye simu nimeona Wazungu wakiendesha kilomita kwa kilomita kando ya mifereji na mito bila kukutana na gari. Sisi tuna ziwa zima na mabonde ya mpunga. Je, twaweza kupata njia ya namna hiyo, kilomita 30 hadi 40? Tulijaribu mara moja kuambaa ufukwe wa ziwa, tukaishia kwenye mchanga na matete, na tairi tatu zikatoboka.

Jibu: Ndugu yangu, baiskeli zenu hazina kosa, wala miguu. Mlifuata maji, na ziwa letu halifuatwi, linaendewa. Tazama njia yoyote ya miguu karibu na ziwa: inatoka kijijini, inashuka mwaloni, penye kuegeshwa mitumbwi, inaishia hapo. Kati ya mwalo na mwalo kuna matete, mawe na mashamba yanayogusa maji. Hakuna aliyehitaji kuambaa ufukwe kwa miguu kilomita 20 wakati mtumbwi upo.

Mifereji uliyoiona kwenye simu ina historia nyingine. Ilichimbwa kwa ajili ya mashua za mizigo zisizo na injini. Canal du Midi ya kusini mwa Ufaransa, yenye kilomita 240 hivi, ilifunguliwa 1681. Erie Canal ya jimbo la New York ilikamilika 1825. Mashua zilivutwa kwa kamba na farasi au nyumbu aliyetembea ukingoni, kwa hiyo kila mfereji ulijengewa njia ya mnyama huyo, ngumu na isiyo na matete. Tena ni tambarare, kwa sababu maji ya mfereji hayapandi mlima: penye mwinuko mashua huinuliwa kwenye malango ya maji, na njia hupanda hapo mita chache tu. Reli na malori yalipochukua mizigo, farasi akaondoka na njia ikabaki. Unaowaona kwenye video wanatembea juu ya kazi ya farasi.

Kwetu hakuna farasi aliyevuta jahazi, kwa hiyo usiitafute njia yake. Wapo pia wanaosikia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, wakadhani ukanda huo ni njia ya umma. Sheria hiyo inalinda ukingo, haikati njia. Isitoshe, ukingo wenyewe huhama. Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kimo kilichoshindana na kile cha 1964, na njia nyingi za chini zilikwenda na maji.

Tulicho nacho badala yake ni mstari mmoja ambao mgeni hauoni, ila ukishauona mara moja utauona kila bonde la Usukuma. Nauita mstari wa jaruba la juu; jaruba ni kile kishamba cha mpunga kilichozungushiwa kingo za kushika maji. Ili uuelewe, shuka nami kutoka mlimani hadi bondeni.

Juu kabisa ni mawe, yale ya Mwanza yanayojulikana. Chini ya mawe kuna udongo wa mchanga mweupe au wa kijivu hafifu, chembe kubwa, uliomeguka kutoka kwenye mawe hayo. Wasukuma huuita luseni. Hapo ndipo penye mihogo, viazi na karanga, na ndipo mlipozama. Ukishuka zaidi, mchanga unakuwa mwembamba na chini yake kuna tabaka gumu lisilopitisha maji. Huo ni itogolo. Kwa kuwa maji hayazami, hapo ndipo mkulima anapochimba majaruba ya mpunga. Chini kabisa, bondeni, ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani kule Tanga, aliupa mfuatano wa namna hii jina la kitaalamu katika miaka ya 1930, lakini mkulima wa Kisukuma alikuwa na jina la kila daraja, na alijua la kupanda.

Sasa fikiri. Jaruba la juu kabisa linaanza pale ambapo tabaka gumu limekaribia uso wa ardhi. Juu yake kidogo mchanga bado upo, ila si wa kuzamisha gurudumu. Mpunga ukiwa shambani watu hawawezi kukatiza majaruba, kwa hiyo hupita juu yake, wao na ng'ombe wao, mwaka hadi mwaka, na njia inashindiliwa. Na kwa kuwa jaruba ni lazima likae sawa ili maji yalingane, safu ya majaruba ya juu huambaa bonde kwa kimo kinachobadilika polepole. Ndiyo sababu njia iliyo juu yake karibu haina mlima. Umepata njia ya farasi bila farasi: ngumu, ya kulala, na maji au mpunga uko mita chache mkono wa chini.

Usichanganye njia hiyo na kingo za majaruba zenyewe. Kingo hizo mara nyingi zina upana wa sentimita 30 hadi 50. Gurudumu likipita ukingo ukiwa laini huchora mfereji mdogo, na maji yakiingizwa hupitia hapo hapo. Mwenye shamba akiamka jaruba ni tupu. Ugomvi wa namna hiyo ni halali yake, na wewe huna la kujitetea. Ukilazimika kukatiza, beba baiskeli begani.

Mifereji ya skimu za umwagiliaji ipo, lakini ni mifupi kwa matembezi ya kilomita 40. Mfereji mkuu mara nyingi huwa na tuta pana la kupitisha trekta la matengenezo. Hilo linapitika vizuri. Matuta ya mifereji midogo ni kama kingo za majaruba, yaache. Kabla ya kupanda tuta la skimu au la lambo, muone kiongozi wa wamwagiliaji au mwenyekiti wa kitongoji. Dakika tano za salamu zinakuokoa maswali ya njia nzima.

Kuhusu msimu, watu wengi hukosea kwa kudhani kiangazi ni kizuri kwa kila njia. Luseni ikikauka ni mtego. Ikinyeshewa inashikana, na saa chache baada ya mvua unaendesha juu yake kama juu ya sakafu. Itogolo ni kinyume: ikilowa uso wake huteleza kama sabuni, huhitaji siku moja au mbili za jua, ila ikikauka ni saruji. Mbuga ikilowa usiiguse. Udongo unajibandika kwenye tairi, unajaza nafasi kati ya tairi na breki, gurudumu linagoma, na baada ya mita 50 wewe ndiye unayeibeba baiskeli. Mwenye haraka hukanyaga pedali kwa nguvu wakati huo, na ndipo sikio linaloshikilia gia ya nyuma linapokatika. Simama, toa udongo kwa kijiti, tembea kwenye majani. Mbuga huhitaji wiki au zaidi kukauka, na ikikauka hupasuka nyufa zinazoweza kuzidi sentimita 5, upana wa kumeza tairi lenu la inchi 2. Ufa uvuke kwa kuukata, usiende sambamba nao. Pale ng'ombe walipokanyaga udongo ukiwa bichi, alama za kwato hukauka na kuwa ngumu kama mawe. Hakuna gia inayosaidia hapo.

Kwa hiyo Juni hadi Septemba, mpunga ukishavunwa, fuata mstari wa jaruba la juu. Vuli ikianza, Oktoba hadi Desemba, hamia juu kwenye luseni asubuhi inayofuata mvua. Masika, Machi hadi Mei, endesheni barabara za moramu zenye magari machache, mabonde muyaache yapumue. Mahali usipopajua, pima kwa kisigino: kanyaga kwa nguvu, na kikizama zaidi ya sentimita 2 shuka usukume, au rudi ushuke bonde kidogo hadi ardhi iwe ngumu.

Njia yenyewe itafute nyumbani kabla ya Jumamosi. Fungua picha za setilaiti kwenye simu, zile zilizopigwa kiangazi kama zipo. Vijiboksi vidogo vilivyopangana kama vigae ni majaruba. Eneo jeusi au kijivu kizito lisilo na vigae ni mbuga. Jeupe lenye miti ya hapa na pale na nyumba ni luseni. Kuza picha kwenye mpaka wa juu wa vigae. Utaona uzi mwembamba mweupe unaoambaa. Huo ndio. Ufuate kwa kidole kilomita 10 au 12 hadi uone karavati au daraja la kuvukia bonde, kisha tafuta uzi wa upande wa pili wa kurudia. Mzunguko wa namna hiyo una faida moja kubwa: mkichoka katikati, kila barabara inayokata bonde ni mlango wa kutokea. Pakua ramani kwenye simu isomeke bila mtandao, maana chini ya mawe mtandao hukatika.

Kwenu Buhongwa, mabonde yaliyo karibu ni ya kusini, Usagara na Fela kuelekea Misungwi. Msiende Usagara kwa baiskeli juu ya lami. Kodini kirikuu, baiskeli tatu zinaenea zikilazwa kwa kupishana, upande wa gia ukitazama juu, na kipande cha gunia kati ya fremu na fremu. Kuanzia Usagara jiepusheni na barabara kuu zote mbili, ya Shinyanga na ya daraja la Kigongo–Busisi, na mwingie bondeni. Reli iliyofika Mwanza 1928 inapita ukanda huo, na ya kisasa inajengwa jirani; njia ya matengenezo kando ya reli inavutia macho kwa jinsi ilivyonyooka, lakini ni hifadhi ya reli. Vukeni kwenye vivuko na makaravati tu.

Daraja la J. P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lililozinduliwa Juni 2025 na lenye urefu wa kilomita 3 hivi, wengi wanalitamani kwa baiskeli. Kuliona ni sawa. Kulivuka na mtoto, kwangu hapana, isipokuwa mnasukuma kwenye njia ya waenda kwa miguu. Upepo wa ubavuni katikati ya ghuba hukusogeza bila kukuomba ruhusa, na lori linapokupita hukata upepo huo ghafla, ukajikuta unaegemea hewa isiyokuwepo.

Upande wa mashariki shukieni Kisesa. Bujora yenye Makumbusho ya Wasukuma iko hapo hapo, mahali pazuri pa kuanzia na kumalizia, maji na kivuli vipo. Kutoka hapo mnashuka kaskazini kuelekea Ghuba ya Speke, mkibadilisha mabonde kwa njia za vijijini. Mkienda mbali zaidi mashariki mnafikia bonde la mto Simiyu. Huko muwe waangalifu zaidi: Simiyu hutokea pande za Serengeti, mbali sana, na unaweza kujaa maji Magu kukiwa kukavu na jua kali, kwa mvua iliyonyesha juu jana. Mto wa mchanga wenye maji yanayokimbia usiuvuke yakipita nusu ya muundi. Rangi ikibadilika kuwa ya udongo au vijiti vikianza kuelea, rudini ukingoni mara moja.

Kaskazini, kutoka uwanja wa ndege kupitia Igombe na Kayenze kuelekea Nyanguge, si njia isiyo na magari, ila ni machache, na ziwa linaonekana mara kwa mara. Kuna luseni nyingi, kwa hiyo ifanyeni ya vuli.

Upepo ndio unaoamua upande upi ni wa siku ipi. Usiku bara hupoa kuliko ziwa, na alfajiri hewa husukumwa kutoka bara kwenda ziwani. Jua likipanda mambo hugeuka. Kuanzia saa 5 hivi upepo hutoka ziwani. Ukienda Kayenze asubuhi unasukumwa mgongoni, ukirudi mchana unasukumwa tena. Ukienda Misungwi unaupata usoni mara mbili. Juni hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki huweza kuushinda ule wa ziwani, na hapo hesabu hii huharibika, lakini siku nyingi inashika. Safari ya kusini basi ianze jua likichomoza, ambalo kwa Mwanza ni kati ya saa 12:25 na saa 1 asubuhi kufuatana na mwezi, na iishe saa 4. Ya kaskazini yaweza kuwa ya siku nzima. Kwa watu watatu wa kawaida, njia ngumu ya udongo ni kilomita 12 hadi 14 kwa saa, na mchanga ni 6 hadi 8. Kilomita 35 kwa hiyo ni saa tatu za kukanyaga pedali na moja ya kupumzika. Mawingu ya radi juu ya ziwa ni ya usiku na alfajiri, juu ya bara ni ya alasiri. Ukiona umeme na ngurumo ikakufikia kabla ya kuhesabu sekunde 30, teremkeni, acheni baiskeli, kaeni mbali na mti uliosimama peke yake na mbali na maji, na msiendelee mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Sasa tairi. Tatu kwa safari moja ni mbigili, sina shaka. Ni kijimmea kinachotambaa, maua madogo ya njano, tunda lake likikauka hugawanyika vipande vyenye miba miwili migumu, na kipande kikianguka mwiba mmoja hutazama juu. Huota pembezoni mwa njia, penye mchanga uliochokorwa na mifugo. Mlipoona matete mkasukuma baiskeli pembeni, mliingia shambani mwake. Kanuni ni kubaki katikati ya njia iliyokanyagwa, hata unapopisha watu: simama ulipo, usiende majanini. Mabua ya mtama na mahindi yaliyokatwa mshazari kwa panga nayo hutoboa, tena kwenye ubavu wa tairi ambako kiraka hakisaidii.

Kinga rahisi ni tairi kuukuu ndani ya tairi. Chukua tairi lililoisha lakini lisilopasuka, kata kwa kisu kikali kingo zote mbili zenye waya, ubaki na ukanda wa katikati tu. Upunguze ulale chini ya sehemu ya tairi inayokanyaga ardhi bila kupanda ubavuni. Kingo zake na ncha mbili zinapokutana zichonge kwa msasa hadi ziwe nyembamba, kwa sababu ukingo mkali husaga tyubu na kuleta tundu kila baada ya wiki mbili, halafu watu hulaumu miba. Nyunyiza poda ya mtoto kidogo kati ya ukanda na tyubu. Baiskeli inakuwa nzito, utaihisi mlimani, lakini mtafika.

Kwa tairi la inchi 26 kwa 1.95 au 2.1 na mtu wa kilo 75, njia ngumu inataka upepo wa psi 38 nyuma na 33 mbele. Mchangani shusha hadi 25 na 20. Chini ya 20 na tyubu ndani, jiwe moja litaibana tyubu dhidi ya rimu na kutoboa matundu mawili sambamba, kama meno ya nyoka. Ukiyaona hayo usitafute mwiba, ongeza upepo. Binti wa kilo 40 anatosha 25 hadi 28 kwenye njia ngumu. Mchangani kaa nyuma kidogo, gia nyepesi, miguu mfululizo, usikate usukani. Anayepambana na usukani ndiye anayeanguka.

Kuziba pancha kila mtu anasema anajua, na viraka vingi vinabanduka kwa sababu moja: haraka. Toa tairi kwa vijiko vya plastiki. Kijiko cha kulia hukata tyubu. Jaza tyubu upepo, sikiliza, ipitishe karibu na mdomo wako, ndipo maji yatumike. Tundu likipatikana, weka alama, sugua kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka, futa vumbi. Paka solusheni nyembamba na usubiri dakika 3 hadi 5 mpaka isinate kidoleni. Hapo ndipo unaweka kiraka na kukandamiza kuanzia katikati kwenda nje. Solusheni mbichi ni mafuta ya kutelezesha kiraka, haishiki. Wakati unasubiri, pitisha kipande cha pamba ndani ya tairi zima. Pamba hunasa kwenye mwiba ambao kidole kinaukosa, na kidole hakitoki damu. Rudisha tyubu ikiwa na upepo kidogo ili isijikunje, malizia upande wa valvu, kisha sukuma valvu juu mara moja ili tyubu isibanwe chini yake. Bebeni tyubu nzima mbili za 26 na moja ya 24, viraka sita, solusheni mpya (iliyofunguliwa mwezi uliopita huwa imekauka), pampu iliyojaribiwa kwenye valvu zenu, spana ya 15 na funguo za heksagoni za 4, 5 na 6.

Baiskeli ya mtumba ina mambo mawili ya kukaguliwa kabla ya yote. Kunja ubavu wa tairi kwa vidole. Ukiona nyufa kama za mbuga, badilisha, hata kama sehemu inayokanyaga ardhi ni mpya. Na mnyororo: pima pingili 12 kamili, pini hadi pini. Mpya ni milimita 304.8. Ukifika 306.5 badilisha mnyororo. Ukipita 308 meno ya nyuma nayo yameliwa, na mnyororo mpya utaruka juu yake. Kwa vumbi letu oili chakavu ya injini ni sumu, inageuza vumbi kuwa msasa. Mafuta ya cherehani yanatosha, tone moja kila pingili, subiri, futa nje kwa kitambaa mpaka kisitoke cheusi.

Kichocho kimejaa ufukweni na kwenye mifereji ya maji yanayokwenda polepole, hasa penye majani na konokono. Vijidudu vyake huingia kwenye ngozi kwa dakika chache, na hutoka kwa wingi jua likiwa kali. Kwa hiyo msioshe miguu wala baiskeli ziwani mchana, hata kama watoto wa hapo wanaogelea. Mkilazimika kuvuka maji, nendeni kituo cha afya baada ya wiki 6 hadi 8 mkapime. Kabla ya hapo dawa ya prazikwanteli haiui vizuri minyoo michanga. Matete yana mamba, na viboko hutoka majini kwenda malishoni giza likiingia. Ukiona njia safi kwenye matete yenye mifereji miwili na mgongo katikati, kama ya gari dogo, geuza: hiyo ni ya kiboko. Saa 11 jioni muwe mmeshapanda juu, mbali na maji.

Maji ya kunywa ni lita 2 kwa kila mtu kwa safari ya saa tatu. Kichwa kikianza kuuma, maji matupu hayatoshi. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi. Ng'ombe wakija, simameni upande mmoja wote, msipige kengele, semeni na mchungaji kwa sauti ya kawaida. Ng'ombe akisikia sauti ya mtu hashtuki. Wazee wapeni shikamoo, na mwangaluka ya asubuhi au mwadila ya mchana hufungua njia kuliko ramani. Mkionyeshwa njia, semeni wabeja.

Kama mnataka siku mbili zisizo na malori kabisa, nendeni Ukerewe. Meli ya Mwanza–Nansio huchukua saa tatu hadi nne, baiskeli hulipiwa kama mzigo; ifungeni kwenye nguzo kwa kamba ya mpira, upande wa gia usiguse chuma. Kisiwani magari ni machache, barabara nyingi ni za udongo, na msitu wa kupandwa wa Rubya una kivuli ambacho mabonde ya Misungwi hayana. Bodaboda zipo, msijisahau.

Jumamosi ya kwanza lakini iwe fupi. Shukeni Usagara, fuateni mstari kilomita 6, rudini njia ile ile. Tandiko la kila mmoja liwe kimo ambacho kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini, goti linanyooka. Binti atangulie, mama afuate, wewe nyuma na pampu: anayetangulia ndiye anayepanga mwendo, na mwenye pampu akiwa mbele, wa nyuma akitobokewa hasikiki.